Raba za Kijivu, Namba Thelathini na Tisa

Jumatatu, 20 Januari 2025

Kliniki ya sukari. Foleni, joto, feni moja kwa watu wote wale. Nesi kaniambia nifumbe macho, atanigusa nyayo kwa uzi, niseme kila nikihisi. Nikafumba. Nikangoja aanze. Nangoja — kumbe ameshamaliza!

Ndala basi, kasema. Kutembea peku basi, hata ndani. Nitafute raba nyepesi, juu kitambaa cha matundu kinachopitisha hewa, maana kwa joto hili mguu ukishinda na jasho unaharibika. Nitembee nusu saa kila siku, na kila jioni nikague nyayo. Kidonda kimoja nisichokiona kinaweza kuondoka na mguu. Nikaitikia. Sikuogopa. Tangu Polikarpo afariki mwezi wa kumi na moja sijaogopa wala kulia. Msibani walinong'ona labda mume wangu alikuwa ananitesa. Hakunitesa. Miaka thelathini na moja!

Jumanne, 21 Januari

Nimechora mguu kwenye boksi la majani ya chai, nikaukata. Maagizo ya nesi: mguu wangu hauwezi kuniambia kama kiatu kinabana, boksi litaniambia. Chausiku wa chumba cha pili kacheka sana. Mwalimu mzima kastaafu, bado anakata maboksi!

Alhamisi, 23 Januari

Sokoni Tandika, saa kumi jioni, miguu ikiwa imeshavimba, kama nilivyoelekezwa. Viatu vya mtumba juu ya turubai. Muuzaji anaitwa Suhaib, baba wa watoto wanne — kanihesabia wote kabla sijauliza bei. Shikamoo mama, mzigo mpya huu.

Za kwanza nyeusi, plastiki tupu. Kajaribu kuzikunja, zikakataa, kazitupa mwenyewe. Za pili bluu, namba arobaini na moja. Nyepesi kweli, ukiziinua unaona mwanga kwenye kitambaa. Boksi likaingia, likalala vizuri. Nikavaa, nikapiga hatua. Hakuna kitu. Sawa na kutovaa.

Nikaomba za kijivu, thelathini na tisa. Boksi likajikunja ubavuni. Nikavaa hivyo hivyo — nikahisi! Vidole, kisigino, mguu mzima umeshikwa. Nilitaka kulia pale pale kwenye turubai. Suhaib kasema hizo zinakubana mama, boksi lako limekataa, chukua bluu nikupunguzie. Nipe za kijivu, nikamwambia. Kaniangalia kidogo, kazifunga kwenye mfuko.

Ijumaa, 24 Januari

Hadi shuleni kwangu kwa zamani na kurudi. Jua kali. Hewa inaingia kweli, soksi hazikulowa. Nimehisi kila hatua. Furaha ya kijinga, lakini furaha. Nyayo sijakagua. Nimechoka.

Jumapili, 26 Januari

Kanisani na raba. Nani atamuuliza mjane? Leo nahisi kidogo tu. Nimekaza kamba.

Jumanne, 28 Januari

Nimetembea. Nimekaza tena. Nyayo — kesho.

Alhamisi, 30 Januari

Nilikuwa narudi, Chausiku anaanua nguo. Kaniuliza mwalimu, umekanyaga nini? Nikaangalia. Raba ya kulia imetota ubavuni, rangi ya kutu. Kanikalisha kwenye ngazi, kaivua. Soksi imegandia kidole kidogo. Harufu. Kanimwagia maji taratibu mpaka ikaachia. Usiangalie, kasema.

Nimeangalia. Nyama, na ndani yake kitu cheupe. Nikakibonyeza kwa kidole gumba. Hakuna. Nikabonyeza zaidi. Chausiku kanishika mkono, mwalimu acha, utaniua mie! Kalia yeye. Machozi kweli, na kamasi. Nimemwonea wivu.

Kasema siku zote hizi ananiona natoka na raba zangu, akawa anamwambia mumewe mwalimu sasa anapona. Sikumweleza nilivyozichagua. Ningeanzia wapi?

Kanifunga khanga yake mguuni, kaenda kuita bajaji. Nimekaa kitandani, naandika. Najaribu kuogopa. Nawaza mguu ukikatwa, nawaza magongo, nawaza ngazi za kanisani. Nayaona yote vizuri, kama ni mambo ya mtu mwingine.

Honi. Chausiku anaita, mwalimu toka, ila usikanyage chini, ngoja nije nikubebe! Kushoto nimeshavaa ile ya kijivu. Nimekaza kamba mpaka basi.