Wanawake Ambao Hawakuwa Gazetini

Susu,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, nyanya yangu, na wewe ulikufa kabla sijapata nguvu ya kukuambia. Nilipoenda kuungama kabla ya Pasaka nilitaja hasira, nikataja kumjibu Mama vibaya, hili nikaliruka. Padre akanipa Salamu Maria tatu nikaondoka nazo kama mtu aliyepewa dawa ya ugonjwa wa mwingine.

Wale wanawake wa gazetini hawakuwako. Niliwatunga mimi.

Nimechoka, Susu. Sikujua uongo wa dakika mbili unaweza kuchosha mtu miaka miwili.

Naandika kwa Kiswahili, na najua ungeuliza kwani Kikamba kimenikosea nini. Shule iliacha kutufundisha kuandika Kikamba tukiwa darasa la tatu. Kiingereza nacho ndicho kilichonitia kwenye mambo haya. Kwa hivyo nivumilie na hiki kilichobaki.

Gazeti lenyewe unalikumbuka. Baba alikuwa amekuja kutoka Lukenya, kule machimboni, amefungia viatu vyake vya kanisani ndani yake. Viatu vikatoka, gazeti likabaki juu ya kiti likiwa na vumbi la mawe. Ilikuwa Jumatano jioni. Wewe, Mama na Mama Kioko wa ng'ambo ya kijito mlikuwa nje mkichambua maharagwe. Redio ilikuwa imesema kwa ufupi tu kwamba rais wa nchi moja ya mbali, huko upande wa Amerika, ametangaza kwamba jeshi ndilo litatawala, na kwamba tangazo lenyewe limeanguka. Halafu ikaweka kwaya. Ukaniambia nisome. "Hicho Kiingereza chako si sahani ya wageni," ulisema. "Kitoe kitumike."

Nikasoma na kutafsiri. Hapo mwanzoni nilitafsiri vizuri, naapa. Rais aliamka asubuhi akatangaza bunge limefungwa, majaji waende nyumbani, askari washike barabara, watu wasikutane. Majaji wakasema hapana. Watu wakatoka nje wakasimama tu. Baada ya siku chache wakubwa wa jeshi wenyewe wakamwambia haiwezekani, akafunga mizigo akaenda.

Mama Kioko aliacha maharagwe. Akataka nirudie pale mahali pa kukataliwa. Nikarudia. "Sasa mtu akishatangaza na asitiiwe na yeyote," akauliza, "anarudi ndani kumwambia nini bibi yake?" Mlicheka, lakini kicheko cha chini, mkiangalia njia. Siku hizo ya rais wetu hayakusemwa karibu na barabara. Ya rais wa wengine yalisemwa mpaka yakaisha utamu. Jumamosi iliyotangulia nilikuwa nimeyasikia Machakos kwa fundi wa viatu, wanaume wazima wakisema "yule wa huko, yule wa huko," na macho yanang'aa kama ya watoto walioonja sukari. Polisi mmoja akapita. Wote wakaanza kuzungumza juu ya mvua.

Wewe hukucheka. Ulisema unaikumbuka Hali ya Hatari, mkoloni alipotangaza, na ukasema, "Hiyo haikuanguka. Sisi ndio tulianguka." Kisha ukasugua goti, ukasema kesho ni Alhamisi.

Neno hilo ndilo lililonimaliza.

Alhamisi ilikuwa siku ya naibu wa chifu. Mwethya wenu wa kusaidiana kazi ulikuwa wa wanawake kumi na sita, kila Jumatatu mnachimba kwa mmoja wenu, wiki ijayo kwa mwingine, ndivyo mlivyofanya tangu Mama aolewe. Yeye akasema kwa sababu ni kazi ya maendeleo, na maendeleo ni ya serikali, na serikali ni yeye, basi Alhamisi mtachimba kwake. Mwaka mzima mlichimba kwake. Na kuchimba mitaro ya fanya juu, ile ya kuzuia udongo usishuke, si kulima. Unashuka mtaroni na kutupa udongo upande wa juu, dhidi ya mlima, na mlima unaurudisha nusu. Ulikuwa na kifua kile cha kukohoa. Ulikuwa ukirudi Alhamisi unakaa kwenye kizingiti dakika nyingi kabla ya kuomba maji, kwa sababu hata kuomba kulihitaji pumzi.

Kwa hivyo niliangalia gazeti tena, nikasema, "Kuna mahali pengine hapa sijasoma."

Hakukuwa na mahali pengine. Hapo chini palikuwa na tangazo la matairi. Nikaweka kidole kwenye matairi nikasoma kwamba katika nchi hiyo waliokataa wa kwanza hawakuwa majaji. Walikuwa wanawake wa mashambani waliokuwa wakilazimishwa kuchimba mashamba ya wakubwa. Siku moja wakakaa nyumbani na majembe yao. Hawakupiga kelele, hawakuandamana. Walikaa tu. Na ndipo wengine wote wakapata akili.

Sauti yangu, wewe unaijua, hata darasani mwalimu huniambia niongee nisikike. Siku hiyo ilitoka kama ya msomaji wa habari.

Mama alisema, "Gazeti limesema hivyo?" Nikasema limesema. Mama Kioko akasema, "Kumbe ni rahisi hivyo." Wewe ukaniuliza jambo moja. Ukaniuliza wale wanawake wanaitwa nani. Nikasema gazeti halikutaja majina. Ukaniangalia usoni, ukasema, "Aa. Magazeti hayataji."

Mpaka leo sijui ulijua au hukujua.

Sikutaka kitu kikubwa. Nilitaka tu kesho yake usiende. Nilifikiri utaugua wewe peke yako, basi. Lakini Mama Kioko alipita nyumba kwa nyumba jioni ile, na Alhamisi wanawake kumi na sita waliugua siku moja. Yeye mwenyewe alijifunga leso kichwani akakaa mlangoni akilia "kichwa, kichwa" kila mtu akipita. Kutoka kwetu juu tulimwona naibu wa chifu kwenye shamba lake ng'ambo, amesimama kati ya vijiti alivyopimia mitaro, peke yake. Alitembea mpaka mwisho wa vijiti akarudi. Nakumbuka ulimhurumia. Ulisema mtu mzima kusimama hivyo shambani bila jembe anaonekana kama amepotea.

Ijumaa naye akatangaza ya kwake. Hakuna mwethya. Hakuna wanawake kukutana, hata kisimani, zaidi ya watatu, bila barua yake. Akalisoma tangazo sokoni Kathiani amepanda juu ya kreti ya soda. Na siku hiyo hiyo akatuma askari wake aje akuchukue, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa unaanzisha nyimbo mtaroni, na kwake mwenye kuanzisha wimbo ndiye mwenye kuanzisha kila kitu.

Ulikaa kwenye uwanja wa kambi ya chifu tangu saa tatu asubuhi mpaka saa kumi, juani, chini. Nilikuja na chupa ya chai baada ya shule nikasimama nje ya ua, nikakuona, na nikamsikia naibu wa chifu akikuuliza kwa mara ya ngapi sijui, nani aliwaambia habari za wanawake wa nchi za watu. Nilikuwa na sare ya shule. Ningeweza kuingia. Ilikuwa hatua kumi hivi. Ningesema ni mimi, na ni uongo, na nyanya huyu hana kosa.

Sikuingia, Susu. Nilishika chupa.

Nikakusikia ukimjibu, "Mimi sijui kusoma, mwanangu. Mtu asiyejua kusoma anaambiwa na nani?" Ukamwita mwanangu. Akakuambia uende. Ulitoka pale ukashika bega langu tukapanda mlima, na ulikunywa ile chai ikiwa baridi, na hukuniuliza chochote. Ungeniuliza ningesema. Nafikiri ningesema.

Jumatatu wanawake walienda kuchimba kwa mjane wa mzee Musyoka, hadharani, kando ya barabara. Walikuwa kumi na saba. Wa kumi na saba alikuwa mke wa naibu wa chifu mwenyewe na jembe lake jipya, na alipoulizwa alisema yeye amechoka kupikia mtu anayenuna. Bwana akaja na baiskeli, akasimama. Akahesabu, akaona. Hukuimba siku hiyo, kifua kilikataa, ulikaa kando ukipiga makofi. Akapanda baiskeli akaenda. Hakuna aliyesikia tena habari za barua wala za Alhamisi.

Watu walicheka wiki nzima. Walisema kwetu kumeanguka kama kule. Mimi peke yangu sikuweza kucheka, maana kule hakukuanguka hivyo.

Na wewe mvua ndefu hukuimaliza. Daktari wa Machakos alisema kifua hicho kilikuwa cha miaka mingi, moshi na vumbi, hata yeye hajui aanze kuhesabu wapi. Mama anamwamini. Mimi najaribu kumwamini nikiwa nafua, nikiwa njiani, halafu nakumbuka ule uwanja hauna hata mti mmoja.

Sasa nikuambie yaliyobadilika. Baba bado yuko Lukenya. Mwembe ule ulioupandikiza umezaa, matunda matatu, Mama ameyafunga na vitambaa ndege wasiyaone. Niko kidato cha tatu. Naibu wa chifu alihamishwa, na huyu mpya ni kijana, ana kalamu mbili mfukoni, anaongea Kiingereza na watu wasiokijua. Mwezi uliopita aliwaambia wanawake kwamba ana mitaro michache tu. Kwa siku moja tu. Akataja Alhamisi, bila kujua. Nilimwona Mama akiingia nyumbani baada ya hapo. Alikaa kwenye kizingiti, mahali pako.

Jumatatu ni baraza. Wanawake wamepanga watamjibu kwa adabu, kwa ushahidi. Na ushahidi wao ni gazeti. Mama alilipata kwenye sanduku lako, chini ya kadi yako ya ubatizo, limekunjwa mara nne. Ulilitunza, wewe usiyejua kusoma. Mama Kioko amesema juu yangu, "Ndinda atasimama alisome kwa Kiingereza, kisha atafsiri, huyu kijana aone kwamba si sisi tulianza, hata dunia inajua." Wamefurahi hivyo. Wamenishonea kola mpya. Wale wanawake wa mbali wamekuwa kama dada zao, Susu, wakichoka mtaroni wanasema "wale wenzetu wangefanyaje," na wanaendelea.

Na huyu kijana atanyoosha mkono aombe kuliona, na ataona matairi. Atacheka mbele ya watu wote. Atawaambia kwamba wao ni wajinga waliodanganywa na mtoto wa shule, na Alhamisi watashuka mtaroni wakiwa na aibu juu ya uchovu. Mama ataanza kukohoa. Najua mambo haya yanavyofuatana, niliyaona kwako.

Nimefikiria kulichoma nikasema panya wamelila. Nimefikiria kuugua, kichwa, kichwa. Tangu Ijumaa nafikiria tu, na nimegundua sina tena nguvu ya kudanganya. Si wema. Ni uchovu tu.

Kwa hivyo nitamwambia Mama leo, kabla ya baraza, na yeye ataamua kama ni yeye atamwambia Mama Kioko au ni mimi. Najua atakasirika. Labda atanyamaza, na hiyo itakuwa mbaya zaidi. Na nitamwambia na jambo jingine, ambalo nimeliona sasa hivi nikikuandikia: kumi na sita waliokaa nyumbani ni kweli. Wana majina, na mimi nayajua yote. Wakitaka nisimame Jumatatu, nitasimama bila gazeti, niwataje mmoja mmoja, nianze na wewe. Huyu kijana hawezi kuomba kuona ukurasa.

Kama hawatataka nisimame, nitachukua jembe na mimi, nikae nalo nyumbani.

Nakuahidi hilo, Susu, kwa sauti hii ndogo niliyo nayo. Uwanjani pale ulinibebea kosa langu. Sikukushukuru, na sikusema pole. Pole. Sasa lala, usisikilize jogoo, Alhamisi haendi mtu.

Mama amerudi kutoka jumuiya. Nasikia anapangusa matope ya viatu kwenye jiwe, mguu mmoja, mguu wa pili. Sasa anakuja mlangoni. Nilikuwa nimeshaweka daftari la jiografia juu ya hii barua, mkono ulifanya wenyewe.

Nimeliondoa.