Kabla Hafidhi Hajaja Likizo

Bigwa, Morogoro
14 Septemba 2025

Mpendwa mpwa wangu Yasmin,

Assalaam alaykum. Marahaba za shikamoo zako zote, zile za barua ya Aprili na zile ulizotuma baadaye kwa sauti katika simu ya Furaha, ambazo sikuzijibu. Niwie radhi. Miezi mitano ni mingi kwa mtu aliyeulizwa swali na mpwa wake, na mwanafunzi aliyechelewa hivyo nisingempokelea kazi yake. Sikukasirika, wala sikuugua. Uliniuliza jambo nisilolijua, nami sikutaka kukujibu kwa kukisia.

Je, wewe hujambo? Mumeo Eric hajambo? Na mtoto anaendeleaje? Sisi hapa tu wazima. Mgongo wangu unauma asubuhi na kunyamaza mchana. Mkaza mjomba wako Furaha ana afya na maneno yake ni yaleyale. Mama yako, dada yangu Mwanahawa, yu mzima kule juu Kinole, bado anapalilia migomba yake mwenyewe. Jicho la kushoto ndilo linalomsumbua, na kliniki anahudhuria.

Barua hii Furaha ataipiga picha na kukutumia leo. Nimeiandika kwa mkono kwa sababu jambo lenyewe halienei katika ujumbe wa simu. Isome mpaka mwisho kabla ya kupiga simu.

Uliuliza kama unaweza kumleta Hafidhi kwa likizo ya Desemba, wiki tatu, ili bibi yake amwone ana kwa ana. Mtoto ana miaka minne na mama yako hajawahi kumshika mkono. Hilo nalijua, na ndiyo maana sikulichukulia swali lako kama la mapishi.

Kwanza nikukosoe. Aprili uliandika kwamba mtoto ana mzio wa “vitu vingi vingi”. Mama wa mtoto haandiki hivyo. Furaha alipokubana ndipo ukatuma orodha: karanga, maziwa, mayai, ufuta. Ukaeleza pia kwamba chembe ya karanga kwenye keki ya mwenzake ilimvimbisha midomo, akashindwa kupumua na kulazwa siku mbili. Maneno hayo ndiyo yaliyotakiwa tangu mwanzo. Orodha hiyo imebandikwa jikoni kwetu hadi leo.

Nilifanya hivi. Nilitangaza nyumbani kwamba kuanzia tarehe mosi Juni tutaishi siku ishirini na moja kana kwamba Hafidhi yupo. Kila mlo apakuliwe sahani yake, kisha mimi niulize: kimeingia nini, kimepikwa katika chungu gani, kimekorogwa kwa mwiko upi, na nani amekishika. Palipo na kosa niliandika katika daftari. Baada ya ukaguzi chakula hicho nilikila mimi, maana hakuna kitu cha kutupa katika nyumba hii.

Wiki ya kwanza tulifanya makosa saba. Unajua mchicha wa kwetu huungwa kwa karanga; karanga tuliziondoa, lakini mwiko ulikuwa uleule wa miaka kumi, umekunywa mafuta yake hadi kwenye mpini. Tukanunua miwiko mipya, sufuria mbili, na kinu kipya kisichowahi kuona karanga.

Siku ya tano jirani yetu Pili alileta maandazi. Alijua tunachokifanya na alikuwa na nia njema kabisa.

“Sijatia maziwa, Mwalimu, naapa,” alisema. “Nimetia samli tu, kidogo.”

“Samli inatoka wapi, Pili?”

“Dukani.”

Furaha alicheka hadi akakaa chini. Mimi sikucheka. Pili ni mtu mzima mwenye akili, na kwake maziwa ni kile kinachomiminwa kikombeni. Sikumlaumu. Niliandika katika daftari kwamba kuuliza “kuna maziwa?” hakutoshi; lazima kila kilichoingia kitajwe kimoja kimoja.

Huyohuyo Pili ndiye aliyeniletea habari za mtaani. Watu walikuwa wameona sahani inapakuliwa na hakuna mtoto. Alisimama uani, akamwambia Furaha kwa sauti ya kunifikia, “Majirani wanauliza, huyo mzimu wa Mwalimu anapenda wali au ugali?”

“Anapenda chochote kisicho na karanga,” Furaha akamjibu. “Waambie kafara lake ni rahisi, sabuni na maji.”

Ijumaa iliyofuata nililazimika kumweleza imamu mwenyewe baada ya swala, ili isije ikadhaniwa kwamba uzeeni nimeanza kufanya matambiko nyumbani. Alinielewa vizuri. Ana mjukuu asiyeweza kula samaki.

Sasa nakuja kwenye kosa lililonifanya nikae kimya muda mrefu hivi, nalo nilifanya mimi.

Siku ya kumi na mbili nilipeleka mchele kwa Abdi, mwenye mashine ya kusaga hapa Bigwa, ili upatikane unga wa uji wa mtoto. Nilifika mapema. Abdi alikuwa ameifungua mashine na kuifagia, akaniambia, “Mwalimu, pita wewe kwanza, nimeisafisha sasa hivi.” Mbele yangu alikuwapo mama mmoja na ndoo yake. Nikamwambia Abdi kwamba aliyetangulia ametangulia, na kwamba uzee si ruhusa ya kuruka foleni. Yule mama alinishukuru. Nikasimama nyuma yake nikiwa nimeridhika na nafsi yangu.

Ndoo ile ilikuwa na unga wa lishe. Unaujua: mahindi, uwele, soya, na karanga.

Nilirudi nyumbani, uji ukapikwa, ukapakuliwa. Furaha aliinusa sahani kabla yangu. Akaiweka mezani, akanitazama, akasema, “Leo umemuua wewe mwenyewe.”

Hakusema kwa kebehi. Nilinusa, na ni kweli, karanga ilikuwamo. Nilikuwa nimewakagua watu wote kwa siku kumi na mbili, nimemsema Furaha kwa mwiko na kumwandika Pili kwa samli, na aliyempikia mtoto kitu cha kumfisha ni mimi, kwa kufuata utaratibu mzuri mahali usipostahili. Nilifunga daftari. Nilikaa zaidi ya mwezi bila kulifungua, na sikuona namna ya kukuandikia kwamba mjomba wako ni hodari wa kupanga, lakini mtoto wako angekufa siku ya kumi na mbili.

Furaha ndiye aliyelifungua tena. Aliniambia kwamba kosa lililojulikana ni afadhali kuliko lililojificha, na kwamba kama nimesusa basi ataendelea yeye. Tulianza upya tarehe 20 Julai, siku ya kwanza. Unga wa mtoto hauendi mashineni tena. Unatwangwa hapa nyumbani katika kile kinu kipya na kuchekechwa kwa chekecheo lake. Mgeni haingii jikoni. Zawadi ya chakula hupokelewa kwa shukrani na kuliwa nje ya nyumba. Awamu hiyo ya pili ilikuwa na kosa moja tu, siku ya tatu, fundi wa bomba alipokaa barazani kutafuna kashata za ufuta na kisha akashika kata ya maji. Baada ya hapo, siku kumi na nane mfululizo, hakuna.

Basi jibu langu kuhusu nyumba yangu ni hili: Hafidhi anaweza kukaa Bigwa wiki tatu. Kutoka mlangoni hadi hospitali kwa bajaji ni dakika kumi na nne, na saa ya watoto kutoka shule ni dakika kumi na tisa. Nilipima mwenyewe mara sita. Chumba mtakacholala ni kile cha upande wa mlima, ambacho mchana hakijazidi nyuzi ishirini na saba. Lakini Desemba ni joto zaidi, kwa hiyo muulize daktari wake ile dawa ya sindano anayochomwa mzio ukimshika ihifadhiwe vipi. Mje na kalamu za sindano hiyo zisizopungua nne, na ziwe mkobani mwako ndani ya ndege, si katika mizigo. Chakula cha ndege asikiguse. Mpikie cha kwake cha safari nzima, na cha ziada, maana ndege huchelewa.

Linalobaki ni la mama yako.

Yeye anataka mtoto alale Kinole. Unakumbuka desturi ya nyumba yetu: mtoto wa binti hupewa tonge la kwanza kwa mkono wa bibi yake, katika nyumba aliyozaliwa mama yake. Wewe ulipewa, mimi nilipewa. Lakini kutoka mlangoni kwa mama yako hadi hospitali nilipima Agosti, barabara ikiwa kavu: dakika thelathini na tano kwa mguu mpaka barabarani, kisha pikipiki, kisha gari; jumla saa mbili na dakika kumi. Desemba ni mvua za vuli. Sindano haimponyi mtoto, inampa muda mfupi wa kufikishwa kwa daktari, na muda huo haufiki saa mbili.

Nilipanda tarehe 30 Agosti kumweleza. Nilidhani tutagombana kuhusu tonge, kwa kuwa siku zote limekuwa la ndizi za karanga. Mama yako alikuwa anamenya ndizi, hata hakuinua uso.

“Nitampa la ndizi za nazi. Kwani tonge ni karanga?”

Nilishangaa, nikafurahi mapema mno. Nikamwambia kwamba limebaki dogo tu, yeye ashuke Bigwa wiki tatu, tonge alitoe kwangu.

“Mjukuu wangu atoke Ulaya aje aishie kwako?”

“Kwangu hospitali iko karibu, dada.”

Hapo aliweka kisu chini. “Stambuli,” alisema, “na baba yake Yasmin hospitali ilikuwa karibu.”

Wewe ulikuwa masomoni, hukuyaona. Tulimshusha baba yako kwa machela hadi barabarani, akakaa kwangu siku tisa, na hospitali tulikwenda kila ilipobidi. Mama yako alishuka naye akiwa anazungumza, akapanda naye akiwa ndani ya sanda. Ni miaka minane sasa. Tangu siku hiyo akija mjini kliniki hurudi kabla ya Alasiri, na sijawahi kumwona akilala chini ya mlima. Nilidhani ni kwa sababu ya migomba. Mimi nilikuwa nahesabu dakika zile kama usalama, na yeye dakika hizohizo ndizo zilizomchukua mumewe. Nilichukua kisu kingine nikamsaidia kumenya.

Nililala hukohuko. Asubuhi nikiaga aliniuliza hiyo sindano huchomwa na nani. Nikasema, na yeyote aliye karibu.

“Hata mimi?”

Nilikuwa nayo ile kalamu ya mazoezi uliyotutumia, isiyo na dawa wala ncha. Nilimwonyesha mara moja. Aliishika, akaibana pajani juu ya kanga, akahesabu hadi kumi kwa sauti. Akarudia. Alifanya hivyo mara nne, ya mwisho bila kuitazama. Kisha akanirudishia, akasema, “Niache nifikiri. Njoo Jumamosi ya tarehe 27.”

Hakusema ndiyo, Yasmin. Usilione tendo lile kama ahadi, nami najizuia nisilione hivyo. Nilimwambia wazi kwamba akikataa kushuka, nitakushauri usimlete mtoto mwaka huu, uje peke yako au msubiri akue. Aliitikia kwa kichwa. Ana miaka sabini na minne, na jicho lile halimngoji mtu. Hayo yote anayajua kuliko mimi na wewe.

Nakuomba basi mambo mawili. Usilipie tiketi. Wala usimpigie mama yako kumbembeleza. Ukilia kwenye simu atashuka kwa ajili ya kilio chako, na kila usiku wa wiki hizo tatu atakuwa akihesabu siku tisa za baba yako. Akishuka, na iwe kwa kutaka mwenyewe.

Msalimie Eric, na umwambie kwamba kanuni za jikoni zimebandikwa kwa Kiswahili, hivyo aendelee kujifunza. Furaha anakusalimu sana. Pili naye anakusalimu, na anasema samli ameiacha kabisa, jambo ambalo siliamini. Mbusu Hafidhi kwa niaba yetu. Mwenyezi Mungu amlinde na kila kimdhurucho, akupe wewe subira, na atukutanishe kwa heri mahali atakapopachagua.

Tarehe 27 nitapanda kwa gari la kwanza. Neno atakalolisema mama yako nitaliandika kama alivyolisema, siku hiyohiyo, liwe limenipendeza au la.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye na kukuombea,

Stambuli