Mkwe wa Jikoni na Macho ya Mama

Ghorofa ya kwanza, mlango wa kijani,
Nyuma ya kiwanda cha mikate.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu za nyumba nzima kabla sijasema lolote. Hujambo? Goti lako linaendeleaje, na huko kupanda na kushuka kwenye mashimo ya lifti unazozitengeneza? Na baridi je, imepungua, au bado unalala na koti? Tafadhali vaa zile soksi nzito nilizokutumia. Najua ni mbaya, lakini ndani ya buti nani ataziona?

Sisi huku hatujambo. Shemeji yako mzima, wapwa zako wazima na wanakula kama wamefungwa injini. Mama naye yupo, anakohoa kidogo asubuhi, ila akishakunywa chai anaamrisha watu kama kawaida. Tunashukuru sana kwa hilo.

Usishtuke kuona barua badala ya simu. Simu yetu ya Jumamosi unaijua ilivyo: Mama kaketi hapo hapo, sauti imefunguliwa kwa wote, na maswali ninayoulizwa mimi anayajibu yeye. Kila ukiuliza kama mashine ya kuosha vyombo inafanya kazi, tunasema "vizuri sana" halafu tunarukia habari za hali ya hewa. Wewe si mtoto, umeshajua kuna kitu tunakificha. Leo nimejifungia chumbani nikutolee yote, na mwisho wake ni shukrani, kwa hiyo soma kwa utulivu.

Ulituma mashine ili Mama apumzike. Ulikuwa na nia njema kabisa. Lakini hukujua kwamba vyombo ndiyo kazi aliyojichagulia tangu alipohamia kwetu baada ya msiba wa Baba. Siku ile ile ya kwanza alikunja mikono ya blauzi, akasimama mbele ya sinki akatangaza kwamba hapo ni pake. Mtu aliyepikia bweni zima la wanafunzi miaka yote ile utamwambia nini? Akaongeza kwamba siku atakapokuwa mtu wa kukaa tu, tumrudishe kwake. Na kwake unakujua. Majirani wote wamehama, hakuna hata wa kumgongea mlango.

Sasa hili hukuambiwa: vyombo vilikuwa havitakati. Anaosha kwa moyo wote, anaimba, anapanga kabatini vizuri, lakini ukishika sahani unakuta wali umekaukia ukingoni na mafuta yamelala katikati. Vikombe vilikuwa na mviringo wa chai ya jana. Tulielewa kwamba macho yamepungua. Hakuna aliyethubutu kusema, kwa sababu kusema ni kumtoa kwenye sinki, na kumtoa kwenye sinki ni kumfungia mizigo.

Basi tukala njama. Unajua shemeji yako akimaliza kusambaza mikate anarudi nyumbani mchana. Mama akilala kidogo baada ya chakula, yule bwana na ukubwa wake wote alikuwa anabeba sahani chini ya taulo, ananyata hadi bafuni, anachuchumaa na kuziosha upya bomba likitiririka kidogo kidogo kama mtu anayeiba maji. Watoto nao walijifunza kukagua sahani kabla ya kupakua, kimya kimya, bila kukunja uso. Nyumba nzima tulikuwa wezi wa sahani zetu wenyewe.

Ndipo ikaja mashine yako. Fundi bomba alipokuwa anaiunganisha, Mama alisimama nyuma yake amekunja mikono, akamuuliza kama hiyo mashine ina watoto wa kusomesha hata ije kumnyang'anya mtu kazi. Fundi akacheka. Mama hakucheka. Alinigeukia akasema polepole, "Kwa hiyo kaka yako amenistaafisha." Siku hiyo nilikukasirikia, Kaka. Kidogo tu, ikapita.

Akaifunika kwa kitambaa cha kufuma na juu yake akaweka chombo cha maua. Ikakaa hivyo wiki kadhaa, na kazi ya bafuni ikaendelea.

Aliyeifungua ni shemeji yako, nadhani magoti yalikuwa yamemchoka. Akapanga vyombo kama anavyopanga trei za mikate kwenye gari, hakuna hata nafasi ya kupitisha kidole. Maji yakapita wapi? Sahani za katikati zilitoka na punje zake za wali kama zilivyoingia. Mama alizipapasa moja moja, akacheka mpaka akatafuta kiti. Alikuwa ameiogopa ile mashine bure, nayo kumbe inashindwa kama mtu mwingine yeyote.

Kuanzia hapo akaihurumia. Akasema ni ngeni hapa nyumbani, ni kama mkwe, na mkwe huwezi kumpokea kwa kumtupia uchafu wa familia nzima. Akaipa jina hilo hilo, Mkwe. Shemeji yako akalalamika kwamba mkwe wa nyumba hii ni yeye, akaambiwa asubiri zamu yake.

Na kwa kuwa ni mkwe, Mama akaweka utaratibu wake: kila chombo kinaoshwa kwanza kwenye sinki, kwa sabuni, ndipo kinaingia kwenye mashine. Nikamwambia fundi alisema tukwangue tu mabaki, mengine itafanya yenyewe. Akanijibu kwamba pengine kwa akina fundi ndivyo wanavyopokea wakwe. Niliacha.

Laiti ungemwona anavyoipanga! Anaingiza mkono chini, anakizungusha kile chuma kinachorusha maji kuhakikisha hakigusi kitu. Sahani zinatazamana, mabakuli yanainama, vijiko vingine vichwa juu na vingine chini ili visikumbatiane. Mwiko wa mbao haumsogelei Mkwe. Na mimi, mwenye nyumba, nikiweka kikombe bila ruhusa nasikia, "Nani kaweka hiki hapa?" Nakitoa haraka.

Vyombo vikaanza kutoka vinang'aa. Kazi ya bafuni ikafa, shemeji yako akarudi kwenye usingizi wake wa mchana na kukoroma kwake. Nikajipongeza moyoni kwamba tumevuka bila mtu kuumizwa na neno. Kumbe bado.

Shida ilitoka kwenye huo huo utaratibu wa mkwe. Kwa kuwa kila kitu kiliingia kimeshaoshwa mara moja, ukifungua mlango huwezi kujua kama mashine imeshafanya kazi au inangoja. Kuna taa ndogo ya kijani inayowaka ikimaliza, sisi tulikuwa tunatazama hiyo. Mama alikuwa anatumia vidole, na vidole vilimwambia kila kitu ni laini.

Basi wifi yangu mkubwa akaja kututembelea. Unamkumbuka, yule dada wa shemeji yako aliyekuwa mkaguzi wa afya kwenye mahoteli. Mwanamke akiingia jikoni kwako hata nzi wanajipanga mstari. Mama alitaka kumfurahisha, akaenda mwenyewe kutoa vikombe vizuri kwenye mashine, akaviweka mezani, nikamimina chai bila kutazama. Wifi akainua chake, akakitazama kwa ndani, akakirudisha mezani taratibu. Maziwa ya jana yalikuwa yameganda ukingoni.

Nilifungua mdomo kuwasingizia watoto. Ndivyo tulivyozoea mbele ya wageni. Binti yangu mkubwa alishainamisha kichwa kabisa, tayari kubeba lawama, na kumwona hivyo kulinichoma. Lakini Mama akaweka kiganja mezani.

"Msiwasingizie watoto. Vikombe nimevitoa mimi," akasema. "Hiyo taa yenu siioni. Sijaiona tangu siku ya kwanza. Na si taa peke yake."

Kaka, nilimtazama wifi, maana ulimi wake naujua. Wifi akainuka, akaenda kwenye kamba ya nguo pale barazani, akarudi na kibanio. Akamshikisha Mama mkononi, akamwambia, "Kikiwa kwenye mpini wa mlango wa mashine, vimeoshwa. Kama hakipo, bado. Sasa niambie, daktari alikutazama macho lini?" Kisha akanywa ile chai, kikombe kile kile, mpaka mwisho. Nilikuwa nimemwogopa miaka yote bila sababu. Siku ile ningeweza kumbusu miguu.

Yeye ndiye aliyetupeleka hospitali. Daktari akasema ni presha ya macho, imekula jicho la kushoto karibu lote na imeanza la kulia. Kilichokwenda hakirudi. Kilichobaki kitatunzwa kwa matone, asubuhi na jioni, bila kuruka. Akasema kama tungeendelea kunyamaza, muda si mrefu pasingekuwa na cha kutunza. Nililia kwenye korido kama mtoto, na Mama akanisuta kwamba naaibisha watu.

Njiani nilimuuliza kwa nini hakusema mapema. Akaniambia, "Ningesema mngenitoa kwenye sinki. Sasa anayeosha ni Mkwe, mimi namsimamia tu. Msimamizi haondolewi kwa sababu ya macho."

Kwa hiyo asante, kaka yangu. Asante kwa Jumamosi zote ulizofanya kazi ya ziada ili mashine hii ifike hapa. Ulitaka mikono ya Mama ipumzike, nayo imekataa katakata. Lakini bila mashine hii asingesema, na kama asingesema tungempoteza kabisa kwenye giza huku tukijiona tuna adabu. Sina zawadi ya kukulipa. Ninakuombea tu.

Mengine ni ya kawaida. Binti mkubwa amechaguliwa kuwa mtunza maktaba shuleni, sasa anatunyamazisha hata nyumbani. Mapazia niliyokuwa nashona ya ile hoteli mpya yamekubaliwa, ingawa walinifanya nifumue pindo la chini lote. Majirani wanakuja kumtazama Mkwe. Mama anawaonyesha kwa nje tu, anasema amelala.

Nilianza barua hii nimejifungia chumbani, sasa niko mezani. Nimeona si vizuri kuanza tena kunong'ona, nikamwita Mama nikamsomea yote mpaka hapa, hata habari za bafuni. Nikadhani nimeharibu. Kisha akasema alikuwa anajiuliza kwa nini sahani anazoziweka kabatini kavu huwa anazikuta zimelowa, alidhani kabati linavuja. Amecheka mpaka shemeji yako akaamka kuja kuuliza kuna nini. Mama akamshika mkono, akauweka kwenye paja lake, akaupigapiga taratibu.

Halafu akainuka kuosha kikombe chako. Hujui bado kipo? Kile cha bati cha buluu, chenye pengo mdomoni ulipokidondosha siku ya kwanza ya shule. Hakiingii kwenye mashine. Mama anakiosha kwa mkono kila Jumapili ingawa hakuna anayekinywea, na mimi kila Jumapili nilikuwa ninangoja ageuke ili nikifute tena kwa upindo wa kanga.

Leo hakugeuka. Alikinyoosha kwangu akasema, "Niangalizie. Kimetakata?"

Nikamwambia, "Bado, Mama. Pana doa chini, karibu na kishikio." Akataka nimwonyeshe, nikakichukua kidole chake nikakiweka pale penye doa. Akarudi kwenye sinki, akasugua, akakileta tena. Safari hii kilikuwa kimetakata kweli. Nikamwambia hivyo, naye akakitundika bila kuuliza mara mbili. Ameniamini, Kaka.

Wifi yangu kule kwako msalimie sana, na ule mguu wake wa kupenda masokoni upumzike kidogo. Watoto wabusu kwa niaba ya shangazi yao, hasa yule mdogo anayekataa kuzungumza kwenye simu. Shemeji yako anakusalimu, anasema magoti yake nayo yanakushukuru. Wapwa zako wanauliza kama lifti inaweza kupanda hadi mawinguni.

Mungu akulinde kwenye kila shimo unaloshuka, akupandishe salama, na akulete nyumbani Mama akiwa bado anakuona. Kikombe chako kinakungoja, na safari hii ni safi.

Wako akupendaye tangu ulipokuwa unanibeba mgongoni,

Mdogo wako wa mwisho, Kiherehere.