Mkanda Mwekundu wa Ruolan

Yueyang, 12 Februari 2006

Kaka yangu Guangping,

Heri ya mwaka mpya. Mama hajambo, ila goti linamsumbua, na nyama yetu ya moshi imetoka nzuri kuliko ya mwaka jana.

Jumapili nilikwenda shule ya jimnastiki kumwona Ruolan. Huu ni Mwaka wa Mbwa, mwaka wake wa kuzaliwa umerudi baada ya miaka kumi na miwili, kwa hiyo nilimpelekea mkanda mwekundu wa kumkinga, kama Mama alivyotufunga sisi tulipotimiza miaka kumi na miwili. Akanirudishia mkononi.

"Ficha, Mama! Mimi ni wa Mwaka wa Tumbili. Kocha akiuona nimekwisha."

"Tumbili wa wapi? Si nimekuzaa mimi?"

"Nina miaka kumi na minne," akajibu, kama anayesoma ubaoni. Kisha akanong'ona, "Mjomba alibadilisha mwaka wangu."

Kumbe ndiyo maana uliazima daftari la familia, ukidai ni la kumwandikisha shule! Sheria inataka miaka kumi na sita kwa Michezo ya Olimpiki ya 2008 ili mifupa michanga isivunjwe kwa ajili ya medali. Wewe, karani wa kuandikisha vizazi, umemwibia mpwa wako miaka miwili ya utoto kwa mhuri mmoja.

Ijumaa nitafika ofisini kwako na kadi ya kliniki alikozaliwa. Utausahihisha mwaka wake mbele yangu. Kisha tutakwenda shuleni pamoja, na wewe ndiye utakayemfunga mkanda, kocha akitazama.

Mdogo wako, mama wa msichana wa miaka kumi na miwili,

Shuzhen