Kamba ya Tatu

Kibondo, 9 Juni 1976

Dada Mwajabu,

Shikamoo. Mvua imekatika, maharage tumeanika.

Shemeji yako Omary habanduki kwenye lile gari kuukuu lenye kitanda na jiko, alilonunua kwa mzungu mpima ardhi. Sasa ameweka taa za betri, redio, hata bomba la maji. Anasema akipeleka nguo Kasulu atalala humo kama yuko nyumbani.

Vitambaa vyote nashona mimi. Yeye hupima kwa kamba ya katani, kisha ananikabidhi kamba. Ya kwanza ilikuwa ya mapazia, ya pili ya chandarua cha kitanda. Jana kaleta ya tatu, fupi. "Shona chandarua kingine, kidogo." Nikamuuliza cha nini. Akaongeza sauti ya redio.

Unajua, dada, miaka tisa hatujajaliwa. Mama usimwambie kitu.

Kamba yenyewe nimeitia kwenye bahasha hii. Wewe umelea watoto saba. Itazame vizuri, uniambie huyo mtoto wa Kasulu ameshafika umri gani.

Mdogo wako,
Kuruthumu