Siti Laini ya Safari ya Kinoru

Mukami mjukuu wangu,

Nakusalimu kutoka hapa Kanja. Cucu, nyanya yako, anatembea kwa fimbo sasa, na kahawa imekauka mashambani. Sina nguvu ya kuing'oa.

Umeniuliza kama ununue siti laini ya baiskeli kwa sababu makalio yanakuuma. Hata mimi niliamini ulaini. Nikiwa kijana, mimi na ndugu yangu Njeru tulipanda baiskeli kwenda mashindano ya baiskeli ya Kinoru, huko Meru. Siti yangu nilikuwa nimeishonea sponji nene. Hatukufika hata nusu ya njia. Mifupa ya makalio ilizama, sponji ikanibana katikati, nikashindwa kukaa.

Njeru aligeuka. "Ni nini?"

"Goti," nikamdanganya. Niliona aibu kutaja makalio.

"Basi turudi."

"Wewe enda, utashinda."

"Siwezi kukuacha barabarani."

Tukarudi tukisukuma baiskeli. Mwaka huo baba alimpeleka Njeru mji wa Maua kufanya kazi kwenye mashamba ya miraa, na hakushindana tena maishani.

Chukua siti ngumu kiasi, yenye upana unaotosha mifupa yako. Kalia kipande cha katoni, kisha upime umbali kati ya sehemu mbili zilizobonyea. Na ukiumia, waambie wenzako ni wapi.

Uliambiwa tulimzika Njeru mwezi uliopita. Nilikaa kando ya kitanda chake siku nyingi nikitaka kumwambia goti lilikuwa zima. Sikumwambia. Nimekuandikia wewe, lakini sijapata nafuu.

Ni mimi guka wako,
Ireri