Mafundo Matatu Ndani ya Kola

3 Machi

Mama,
Shikamoo. Mimi mzima, ila miguu. Kutwa nasimama ghala la forodha nikikagua makontena. Mgongo wako je? Tangu nchi hii na ya kwetu zianze kupandishiana ushuru, mashati ya kwetu hayaingii tena hapa bandarini. Kiwandani mnashona nini? Nijibu ukweli, si "tunaendelea".
Mwanao

29 Machi

Mwanangu,
Marahaba. Mgongo upo, unanikumbusha umri. Tulikaa wiki sita bila kazi, cherehani zimefunikwa shuka kama wagonjwa. Sasa oda zimerudi! Ila msimamizi kasema lebo tusishone, zitawekwa huko mbele ya safari. Nikamuuliza, "Shati lisilo na kwao?" Akanijibu, "Mama, wewe shona, jiografia niachie mimi." Tulicheka. Baba yako kaacha kuniuliza kila jioni kama nimeitwa kazini. Kula vizuri.
Mama yako

20 Aprili

Mama,
Shikamoo. Leo nimefungua kontena kutoka nchi ya tatu, ambayo haitozwi ule ushuru. Lebo zinasema mashati yameshonwa huko. Nikapitisha kidole ndani ya kola, nikakuta mafundo matatu ya uzi, la katikati kubwa. Hakuna mwingine amalizaye mshono hivyo. Sare yangu ya shule ilinikwaruza shingo miaka saba. Nikalinusa shati kama mwehu. Mkaguzi mwenzangu akauliza, "Vipi, umepata panya?" Nikasema hamna kitu. Nikagonga muhuri.

Nimeapishwa kwa kazi hii, Mama. Nikisema, kiwanda chenu kitafungwa. Nisiposema, kila siku nasaini uongo huku nikijua. Nimechoka kabla sijaamka. Nifanye nini?
Mwanao

2 Juni

Mwanangu,
Marahaba. Sote wazima. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa najifunza upya. Miaka thelathini vidole vimezoea mafundo yale, vinayafunga vyenyewe. Siku mbili za kwanza nilifumua mashati kumi na manne, wenzangu wakanicheka: "Bibi kasahau kushona!" Sasa nimeweza. Nashona kama mtu yeyote.

Siwezi kukuambia useme, wala unyamaze. Kilichokuwa mikononi mwangu ni hicho tu. Kontena lililoondoka jana ni la kwanza. Likifika, pitisha kidole kwenye kola zote. Hutanikuta.
Mama yako